Maji Yanayoua Ukungu na Kuiacha Mbegu

Shaka iliyoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini ilikuwa ndogo kama punje ya mbegu yenyewe. Chuoni nilifundishwa kwamba maji ya moto yanaweza kuua ukungu uliojificha kwenye mbegu ya nyanya bila kuiua mbegu. Nilijibu hivyo kwenye mtihani nikapata alama. Lakini mtu akikukabidhi kibuyu chenye mbegu zake za mwisho, akakuambia uzitibu, zile alama hazikusaidii kitu. Nilikuwa nalala chali naangalia bati. Yakizidi moto kidogo je? Yakipungua? Na kama mwalimu alikosea? Na kama mwalimu hakukosea ila mimi ndiye niliyenakili vibaya ubaoni?

Kijana mmoja wa kilimo alinitembelea hapa kwangu Somanda juzijuzi. Ana shahada, ana simu yenye majibu yote ya dunia, na bado alikuja kuniuliza aanzie wapi, kwa sababu ametakiwa kwenda kuwashauri wakulima juu ya mbegu za kabichi. Nilicheka. Kisha nikaona si haki kumcheka, maana nilikuwa namtazama mtu ninayemfahamu vizuri. Kwa hiyo haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa wengine wote mnaoingia kazini mkiwa na ugonjwa wetu wa kufikiri mpaka chai inapoa.

Nilikuwa Bibi Shamba. Ndivyo tulivyoitwa wanawake tuliotumwa kuwashauri wakulima, hata kama umetoka chuoni jana na una miguu kama ya kuku. Siku ya kwanza nilipofika kwa kikundi cha kina mama wa mboga kule Mwamapalala, nikaegesha baiskeli na kuwasalimu kwa Kisukuma "mwadila, bamayu", dada mmoja anayeitwa Minza alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa heshima zote kama wajukuu wangu nimewaacha salama. Wenzake walicheka mpaka majembe yakawaponyoka. Huyo Minza mtamsikia tena. Hakukuwa na jambo alilolifanya bila mzaha, na katika wote ndiye aliyenisikiliza zaidi.

Wakati huo Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Bariadi ilikuwa ya Shinyanga, na Mwamapalala ilikuwa ya Bariadi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa soko huria, ambapo kila kitu kilikuwa kinabadilisha mlango. Mbegu zilizokuwa zikija kupitia ushirika hazikuja tena. Ghala la ushirika likawa na kufuli lenye kutu, na mbele yake pakaota mchicha pori. Badala yake mjini yakafunguliwa maduka ya watu binafsi yenye makopo mazuri, picha za nyanya kubwa kama ngumi, na maandishi ya lugha ambazo hata muuzaji hakuzijua. Dawa nazo zilipimwa kwa kizibo cha soda na kufungwa kwenye karatasi kama bizari. Ukiuliza jina la dawa, unaambiwa ni ya mboga.

Kwenye makopo hayo ndiko lilikotokea kosa ambalo sijalisahau.

Kikundi kilinunua kopo la mbegu za nyanya za kigeni. Walipolifungua, mbegu zilikuwa za waridi, rangi kali kama ya rangi ya kucha. Wakakaa chini wakajadili. Ni watu makini, na walikuwa na sababu. Miaka ile sokoni kila kitu kikuukuu kilipakwa rangi: viatu vya mtumba vilipakwa, mabegi yalipakwa, hata baiskeli zilizopasuka zilipakwa zikauzwa kama mpya. Wakakubaliana kwamba mfanyabiashara ameyapaka rangi makapi yake ya miaka mingi ili waone ni mapya. Wakaziosha zile mbegu kwa sabuni ya kipande, maji baada ya maji, mpaka zikarudi rangi ya mbegu. Wakazianika kwenye gunia, wakazipanda.

Ile rangi ilikuwa alama ya dawa. Mbegu zilikuwa zimevikwa dawa ya ukungu kiwandani, na rangi iliwekwa ili mtu yeyote asizile wala asiwape kuku. Kina mama walikuwa wameivua mbegu koti lake, wakaipeleka uchi kwenye udongo wenye baridi kando ya mto.

Ziliota vizuri tu, zikawapa furaha. Halafu asubuhi moja walikuta miche imelala upande kwenye kona ya kitalu, kama imesukumwa na mkono. Kesho yake eneo lile likapanuka. Walipoinua mche waliona shingo, pale shina linapotokea udongoni, imekonda na kunyong'onyea kama imefungwa uzi. Majani juu bado ya kijani. Huo ndio ugonjwa wa kinyaushi. Haukupi nafasi ya kuomba radhi.

Nilifika kitalu kikiwa kimebaki na miche ya kuhesabika. Nilikuwa na lenzi ndogo ya mkononi niliyopewa na Mzee Masanja, bwana shamba aliyenipokea ofisini. Nikaichukua miche miwili iliyoanguka na punje moja iliyooza, nikaangalia. Kisha nikampa lenzi mwenyekiti wa kikundi, Mayu Ng'washi. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mayu kwa Kisukuma ni mama, nasi sote tulimwita hivyo.

Aliiweka jichoni, akaisogelea ile punje. Nilijua anachokiona, maana hata mimi kilikuwa kimenishika pumzi: juu ya ile punje kulikuwa na msitu. Nyuzi nyeupe zimesimama kama miti iliyopaukapauka, nyingine zimebeba vichwa vyenye vumbi la kijivu, na kati yake umande unang'aa. Kwa jicho la kawaida ulikuwa uchafu wa kufuta kwa kidole.

"Watu wamehamia humu," alisema Mayu Ng'washi polepole.

Minza akaipokea lenzi, akatazama muda mrefu kuliko kawaida yake. "Na wamelima," akasema. "Tena wametuzidi. Shamba lao halina hata palizi."

Vijana, shikeni lenzi. Simu zenu zina kamera nzuri, lakini lenzi mkulima anaiweka jichoni mwenyewe, anaona mwenyewe, na baada ya hapo hamzungumzi tena habari ya mkosi wala kijicho cha jirani. Mnazungumza juu ya kiumbe kinachokula. Kuna waliokuwa wameanza kunong'ona kwamba kitalu kimetupiwa kitu. Minong'ono iliisha siku ile, sikuhubiri hata neno moja.

Sasa tatizo lenyewe. Lile eneo la bustani, kando ya mto wa mchanga unaochimbwa visima wakati wa kiangazi, kikundi kilipewa na serikali ya kijiji kwa masharti kwamba lisikae bure. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini wakishindana bei, na kila kipande cha ardhi kikapata mchumba. Kina mama waliambiwa wazi kwamba msimu ule ukipita bila mboga, eneo litagawiwa kwa watakaolima pamba. Mbegu za kopo zilikuwa zimekufa. Zilizobaki ni za Mayu Ng'washi.

Alizileta kwenye kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Nyanya zake mwenyewe, alizopewa na mama mkwe wake: ndogo, zenye mikunjo kama mfuko uliofungwa kamba, ngozi ngumu. Zilikuwa zinafika mnadani zikiwa nzima hata zikisafiri kwenye tenga juu ya baiskeli. Kibuyu kilining'inia miaka yote juu ya jiko, kwenye moshi, mbegu zikiwa zimechanganywa na majivu. Lakini masika iliyopita paa la jiko lilivuja. Nilipozibua gunzi, harufu ilinifikia kabla sijaangalia. Harufu ya kibanda kilichofungwa. Kwenye lenzi, punje nyingi zilikuwa safi, na nyingine zilikuwa na yale manyoya.

"Ndizo hizi," alisema. "Sina nyingine. Wewe uliyesoma, zitibu." Akaniachia kibuyu mkononi, akaenda kuteka maji.

Nilikipeleka nyumbani kwa baiskeli, nimekifunga kifuani kwa khanga kama mtoto, nikiogopa mashimo ya barabara.

Maji yawe na joto la nyuzi hamsini, kitabu kilisema. Chini kidogo ya nusu saa. Ofisi haikuwa na kipimajoto. Kilichokuwepo kilivunjika kabla sijaajiriwa, na fedha ya vifaa tulikuwa tunaisikia tu kwenye barua. Nikapata wazo ambalo kwangu lilikuwa la kipaji: zahanati wana kipimajoto. Nikaenda kwa nesi wa zahanati, mama mnene mpole aliyekuwa anachemsha sindano, nikamweleza kila kitu, mpaka habari ya mama mkwe wa Mayu Ng'washi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakitoa kipimajoto chake kwenye pamba, akanionyesha mstari wa mwisho kabisa.

"Mwanangu, hiki mwisho wake ni arobaini na mbili. Hawakuweka namba mbele ya hapo kwa sababu mbele ya hapo mtu hayupo."

Nilirudi nikikokota baiskeli, sikuweza kuipanda. Mtu hayupo! Mimi, yeye, Mayu Ng'washi, Minza na vicheko vyake, wote tungekwisha kwenye arobaini na mbili na ushee. Na hiki kitu kikavu, chepesi kiasi kwamba ukipumua kinahama kiganjani, kinaingia kwenye hamsini kinatoka hai, na adui yake aliyekikumbatia anabaki humo amekufa. Kati ya kifo cha ukungu na kifo cha mbegu kuna mwanya mwembamba, na mtu anaruhusiwa kupita katika mwanya huo akiwa na sufuria na kuni. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na bado sijauzoea. Msije mkauzoea. Siku mkiuzoea mtazidisha moto.

Nikaenda kwa Mzee Masanja.

Nilikuwa naenda kwake kila nilipokwama, yaani kila siku. Alikuwa na hadithi ya kila ugonjwa. Alinisimulia habari ya mzee mmoja aliyeloweka mbegu za vitunguu kwenye dawa ya pamba iliyobaki, akiamini dawa kali ni kali kwa kila kitu, akaja ofisini kulalamika kwamba ukungu umeongezeka. "Dawa ya wadudu inamtafuta mwenye miguu," Masanja alimwambia. "Ukungu una miguu?" Mkiwa shambani ulizeni kwanza dawa inaua nini. Maji ya vitunguu saumu tulijaribu, mwarobaini tulijaribu, mkojo wa ng'ombe uliokaa ukachacha tulijaribu. Kuna msimu vilisaidia na kuna msimu sikuona tofauti, na sitawadanganya. Majivu hukausha, na mbegu kavu ukungu hauipendi. Lakini majivu hayamuui aliyekwisha kuingia ndani.

Safari hii nilimkuta Masanja nyumbani, siku ya kazi, anapanda mihogo. Jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini. Wakati ule serikali ilikuwa inapunguza watu kila idara. Hakutaka pole. Akanionyesha njia yake ya maji: vikombe viwili vya maji ya mtungini kwa kikombe kimoja kinachochemka hasa, kisha unaongeza ya moto kidogo kidogo mpaka kidole kikiingia kinavumilia kwa pumzi chache tu na kutoka chenyewe. Sufuria iwe nzito, ifunikwe na kufungwa blanketi, na kidole kirudi kukagua kila mara. Mbegu ziwe kwenye kitambaa chepesi chenye kijiwe ndani, vinginevyo zinaelea na kuponea juu pamoja na ukungu wake.

"Sasa niambie," nikamwomba, "nizitie zote au nisizitie?"

Akafukia kipande cha muhogo kwa kisigino. "Nikikujibu leo, kesho utamuuliza nani?"

Nilikasirika, nikaona amekuwa mchungu kwa sababu ya kazi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananikabidhi ofisi.

Basi nikafanya kile mtu mwoga anachoweza kufanya kwa ujasiri: jaribio. Nilichukua kijiko kimoja tu cha mbegu kutoka kwenye kibuyu nikakigawa mafungu matatu. La kwanza sikuligusa. La pili nilipitisha kwenye maji ya moto pale pale kwa kikundi, na hapo ikazuka hoja ya kidole. Kidole changu kilitoka majini upesi, nikasema maji yametosha. Mayu Ng'washi akatia chake, kile kinachogeuza makaa ya jikoni, akakiacha humo ametulia anatazama ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Bado," akasema.

"Mayu, wewe kidole chako kimeshaiva," Minza akamwambia. "Na cha Bibi Shamba ni cha kalamu. Tukimfuata yeye tunaziosha tu, tukikufuata wewe tunapika makande."

Tukapata suluhu: kiwiko. Kiwiko cha kila mtu ni kiwiko, hakijazoea jiko wala kalamu, na ndiyo maana mama hupima maji ya mtoto nacho. Tukatia viwiko kwa zamu, na pale tulipokubaliana wengi kwamba hapa hapakaliki, tukazamisha kifungu. Tangu siku hiyo nimefundisha kiwiko wilaya nzima, ingawa mkiwa na kipimajoto tumieni kipimajoto, tafadhali. Zikitoka, zitumbukize kwenye maji ya baridi, kisha zianikwe kivulini kwenye kitambaa. Kamwe usizianike juu ya bati.

Fungu la tatu tulilipaka dawa ya dukani ya unga, ya kuua ukungu hasa. Niliitafuta mjini mpaka nikapata duka lenye mfuko wa asili wenye lebo, na nikamwomba muuzaji anipimie mbele ya macho yangu. Tulivaa mifuko ya nailoni mikononi na khanga mdomoni, tukasimama upande upepo unakotokea. Mbegu kavu kwenye kopo lenye kifuniko, dawa kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa ncha ya kisu, unatikisa mpaka zote zimepakwa. Tulipomaliza nilitoboa kopo kitako kwa msumari. Kopo zuri halitupwi katika nchi hii, kesho yake litakuwa la chumvi. Lakini lenye tundu haliwi la chumvi.

Kila fungu tukalifunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Zilihitaji joto la kuoteshea, na joto lisilozimika mchana wala usiku ni la mwili. Vifungu viwili visivyo na dawa walivibeba Minza na mwenzake mmoja, vimefungwa tumboni chini ya khanga. Cha dawa sikuruhusu mtu akibebe. Nilikiweka kwenye chupa na kuizika kwenye rundo la samadi yenye joto. Kwa siku zile Minza alitembea ameshika kiuno. Ukimsalimu alikuambia daktari amesema ni mapacha, na wote wana mikunjo. Alikataa kubeba ndoo. Mumewe, nasikia, aliuliza mara mbili kama ni mzaha.

Tulivifungua pamoja, tumechuchumaa mviringo.

La kwanza, lisiloguswa: nyingine zilikuwa zimeota, lakini kitambaa kilikuwa na utando wa kijivu, na mizizi mingi ilikuwa ya kahawia nchani. La dawa: mizizi safi, minyoofu. La maji ya moto Minza alilifungua mwenyewe, akiwa ameacha mzaha. Punje karibu zote zilikuwa zimepasuka ubavuni, na kila moja imetoa mzizi mweupe mmoja, mwembamba kama uzi, umejipinda kutafuta chini. Hapakuwa na manyoya. Niliwapa lenzi. Kwenye mizizi kulikuwa na vinywele laini vinavyong'aa. Mbegu zilikuwa zimepita mahali ambapo mtu hayupo, na zilikuwa zinaanza kazi.

Mayu Ng'washi aliitazama mizizi ile kwa muda mrefu. "Wabeja," akasema, yaani asante, lakini sijui alikuwa anaishukuru mbegu, maji au Minza.

Hapa mtu mwenye akili timamu angeenda kuzamisha zilizobaki. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza upya. Kijiko kimoja si kibuyu kizima. Sufuria kubwa hupoa tofauti na ndogo. Maji ya moto yanasafisha mbegu tu. Zikiingia udongoni, ukungu wa udongo unazisubiri, ndio uliozilaza zile za kopo. Dawa inabaki juu ya mbegu na kuilinda humo udongoni, lakini ni sumu, na kuna watoto. Moto au dawa? Cha asili au cha dukani? Nilichora majedwali kichwani. Nikamaliza wiki kwa visingizio, mara baiskeli, mara kikao, na kiangazi kinakwenda.

Nawaambia sasa hivi kwamba miche ilisimama. Sitaki msome sehemu iliyobaki kwa wasiwasi. Wasiwasi uwe wangu peke yangu. Bustani ile haikugeuka pamba, na mkipita mnadani mkakuta nyanya ndogo zenye mikunjo, zile ngumu, zinunueni, mkumbuke kidole cha Mayu. Lakini siku ile sikulijua hilo, na ninyi siku yenu hamtalijua. Hilo ndilo ninalotaka mlione.

Nilipofika bustanini, Mayu Ng'washi alikuwa ameketi kwenye tuta, hana haraka. Nikaanza kumweleza kwamba nahitaji jaribio lingine, na pengine ushauri wa mkoani. Akanisikiliza. Kisha akasema, bila ukali:

"Ng'wanone, kama ningetaka mbegu za kutazama, ningebaki nazo jikoni."

Ng'wanone ni mwanangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa Bibi.

Nikatazama kitalu. Ng'ambo yake, shambani kwa mtu, mabua ya pamba ya msimu uliopita yalikuwa bado yamesimama makavu. Zamani ilikuwa amri kuyang'oa na kuyachoma kabla ya tarehe, ili wadudu wasihamie msimu unaofuata, na mabwana shamba walikuwa wanapita kukagua. Soko huria lilipoingia hakuna aliyekagua tena. Niliyatazama yale mabua, na kitu kilichokuwa kimefungwa kichwani mwangu kikafunguka bila kelele. Nilikuwa nimeuliza moto au dawa, kumbe maadui walikuwa wawili, wa kwenye mbegu na wa kwenye udongo, na kila mmoja alikuwa na moto wake: maji ya moto kwa mbegu, mabua yanayowaka kwa udongo.

Nikamwomba Minza akamsihi mwenye shamba atupe yale mabua. Alirudi na mabua na mwenye shamba mwenyewe, aliyefurahi kufanyiwa kazi yake. Tukayapanga juu ya kitalu, unene wa kufika gotini, tukaongeza samadi kavu, tukawasha upande wa upepo. Moto wa samadi hauna haraka; ulikaa juu ya tuta ukila polepole, na udongo chini yake ukageuka rangi. Kile kipande cha chini karibu na maji, chenye udongo mzito ambao hata moto hauukaushi, nikasema mbegu zake zitapakwa pia ile dawa ya unga zikishakauka, nami nitazipaka kwa mikono yangu, na kopo nitalitoboa. Hakuna aliyebisha. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka.

Sufuria kubwa ya misiba ikaletwa. Viwili vya mtungini, kimoja kinachochemka, halafu kidogo, halafu kidogo. Viwiko vikaingia kwa zamu, vikatoka. Changu kikawa cha mwisho.

Mayu Ng'washi akazibua gunzi, akachota kijiko kimoja, akakifunga kwenye pindo la khanga yake kirudi juu ya jiko. Halafu akanipa kibuyu.

Nilikimimina chote kwenye kitambaa. Nikatia kijiwe. Nikafunga fundo, nikalijaribu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikulijaribu tena. Minza alikuwa ameshika blanketi, tayari kufunika. Nikapiga magoti kando ya sufuria, mvuke ukanipiga usoni, nikauzamisha mkono mpaka kifundoni pamoja na mbegu zote za mama mkwe wa Mayu Ng'washi, nikavumilia pumzi chache, nikaachia.